Walipima uvimbe wangu kila namna, vidole vyangu hakuna aliyevipima: wanawake weusi na vipimo vya madhara ya kemo

Msusi_wa_Tanga (mleta uzi)

Habari zenu wanajamvi. Mtanisamehe kwa mpangilio, naiambia simu na yenyewe inaandika, maana vidole vyangu ndiyo mada yenyewe.

Mimi mzaliwa wa Tanga, hapa Houston naingia mwaka wa 14. Kazi yangu ni ususi, sijawahi kuwa na nyingine. Mwaka 2021 nilikutwa na saratani ya titi la kushoto, ile aina isiyo na kipokezi hata kimoja kati ya vile vitatu wanavyovitafuta, kwa hiyo vidonge vya homoni haviifai kitu na kimbilio kubwa ni kemo, yaani dawa kali za kuua chembe za saratani. Aina hiyo inatupata wanawake weusi kama mara mbili ya wazungu. Na kwa Marekani, wanawake weusi wanaugua saratani ya titi kidogo kuliko weupe, lakini wanaokufa nayo ni karibu asilimia 40 zaidi. Hayo niliyajua baadaye. Siku ile nilichokuwa nakijua ni kwamba mwanangu wa mwisho yuko darasa la pili.

Walinipima mpaka nikachoka. Walikata kinyama wakakipeleka maabara, wakapima vipokezi, wakapima kasi ya kukua, wakanitoa damu kutafuta vinasaba vya kurithi. Hata moyo waliupiga picha kabla ya ile dawa nyekundu ya kemo, doxorubicin, kwa kuwa inajulikana inaweza kuudhoofisha. Kwa hilo nawashukuru, na naomba mlishike, maana linaonyesha kwamba kumpima mtu mapema ili kujua dawa itamdhuru wapi si jambo geni hospitalini.

Baada ya dawa nyekundu nikaanza paclitaxel, dawa nyingine ya kemo, dripu moja kila wiki, wiki 12. Madhara nilitajiwa: nywele, uchovu, kucha, ganzi kidogo. Nilitoka na lile neno "kidogo".

Wiki ya tano nilikuwa namshonea weaving binti wa jirani. Mnaojua kazi hii mnajua macho hayafanyi kitu pale, kazi yote iko kwenye ncha za vidole. Unagawa kwa mkia wa kitana, unapapasa mstari, unapitisha sindano. Siku hiyo nilikuwa napapasa sipati kitu, kana kwamba nimevaa glavu za kuoshea vyombo. Nikaona uzi mweusi unameta. Nikaugusa, ni damu. Sindano ilikuwa imenichoma kidole cha shahada muda mrefu na mimi sina habari.

Kliniki nilisema. Nesi akaniuliza maumivu ni mangapi kati ya sifuri na kumi. Nikajibu sifuri, kwa sababu ganzi hainiumi, ganzi ni kutosikia. Akaniuliza kama naweza kufunga vifungo vya nguo. Nikajibu sina tabu. Jamani, mimi nyumbani navaa dera, kliniki naenda na dera na mtandio, mwaka mzima sijafunga kifungo! Akaandika nipo vizuri. Hakudanganya, aliuliza swali la mtu mwingine na mimi nikalijibu. Hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani.

Wiki ya nane miguu nayo ikawa inawaka usiku, shuka likigusa vidole naamka. Dozi ikapunguzwa. Wiki ya kumi dawa ikasimamishwa, dripu mbili za mwisho sikupata. Nikawa nimekosa vyote viwili, dawa sikuimaliza na vidole sikubaki navyo. Leo miaka imepita, ganzi imepungua mikononi, haijaisha. Kusuka rasta ndogo siwezi tena.

Sasa niende kwenye mada. Nilijiunga na kikundi cha wanawake waliopitia haya, tunakutana kwenye ukumbi wa kanisa moja mtaa wa Third Ward, hapahapa Houston. Wengi ni Wamarekani weusi, yupo Mkongomani mmoja, yupo mama wa Jamaika, na mimi Mswahili. Pale ndipo niliposikia kwamba ganzi ya dawa za jamii hii inawashika wanawake weusi zaidi kuliko weupe, na kwamba wenye kazi zao walikuwa wakilijua hilo kabla mimi sijaugua. Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya utafiti uitwao EAZ171, ulioongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana (Wakenya wa Eldoret mnakijua kupitia mpango wa afya wa AMPATH). Walioingia, karibu 240, wote walikuwa wanawake weusi. Wengine walipewa paclitaxel ya kila wiki, wengine docetaxel, dawa ya jamii hiyohiyo, ya kila wiki tatu. Ganzi ya kiwango cha kuharibu shughuli iliwapata kama 45 katika kila 100 upande wa paclitaxel, na 29 katika kila 100 upande wa docetaxel.

Siku tuliposomewa hayo ukumbi ulinyamaza. Mama mmoja dereva wa basi, aliyeacha kazi kwa sababu mguu hausikii pedali, aliinua kiganja akakitazama hivi, hakusema neno.

Halafu tukaanza kubishana: ingekuwapo namna ya kupima mapema na kumwambia mtu "wewe uko hatarini", ungetaka? Sikutegemea tutagawanyika vile.

Mwalimu mstaafu alisema anataka kila kitu, hata kikimtisha, kwa sababu kisichosemwa ndicho kilichomwumiza. Dereva alisema anataka, ila kwa sharti: matokeo apewe yeye kwanza, yeye na daktari waamue pamoja. Mkongomani alikataa kabisa. Hoja yake: wakishaona karatasi imeandikwa "hatari", watampunguzia dozi kimyakimya, kansa irudi, halafu waseme ni mwili wake. Mama wa Jamaika alisema ganzi ataivumilia, anachotaka ni uhai, asiletewe habari ya kumtia woga katikati ya vita. Na bibi mmoja wa miaka 70 na zaidi aliuliza damu ya kipimo itakaa wapi na nani ataitumia kesho. Huyo msimwone mkaidi. Kwao habari ya Henrietta Lacks, aliyechukuliwa chembe za uvimbe wake Baltimore mwaka 1951 bila kuulizwa, ni kama ya jirani. Na kule Tuskegee, Alabama, wanaume weusi waliachwa na kaswende bila tiba ili watazamwe tu, kuanzia 1932 mpaka 1972. Mwaka 1972 bibi huyu alikuwa mtu mzima.

Mimi msimamo wangu ni huu. Nataka kupimwa. Lakini nataka kuulizwa kwanza, na nataka jibu linifungulie mlango wa dawa nyingine au ulinzi mwingine, si la kunipunguzia tiba. Ningejua mapema, ningemwambia daktari mimi naishi kwa vidole, tuangalie ile nyingine.

Nyie je? Mliopitia, mnaouguza, mnaofanya kazi hospitali. Ungependa kupimwa? Na jibu likija, lifanyiwe nini?

Mama_wa_Temeke

Pole sana dada yangu. Nimesoma hapo kwenye sindano nikaweka simu chini kwanza.

Mimi nilimaliza zangu Dar mwaka juzi. Niseme kitu ambacho hata mume wangu sijamwambia. Ganzi nilikuwa nayo tangu dripu ya tatu na nilificha. Kila daktari akiniuliza nasema nipo salama. Niliogopa akijua atasimamisha dawa, na hela ya ile dawa ndugu walichangishana, kaka yangu aliuza pikipiki. Ningeanzaje kusema vidole?

Kwa hiyo ukiniuliza ningetaka kupimwa, ndiyo, na ningetaka tupimwe wote bila kuchagua nani kasema nani hajasema. Ukingoja mgonjwa aseme, wengine hatusemi.

SemaKweli

Mleta uzi pole, na Mungu akupe nguvu. Ila tuwe wakweli. Hayo ni mambo ya Houston. Huku mtu anafika kliniki titi limeshachanika, anauza shamba apate dripu ya kwanza, dawa yenyewe mwezi huu ipo mwezi ujao haipo. Kipimo cha vinasaba cha kutabiri ganzi kitatoka wapi? Tuanze na dawa.

Halafu nimetafuta huo utafiti wa EAZ171. Walikuwa pia wanajaribu vinasaba, SBF2 na FCAMR, kuona kama vinatabiri nani atapata ganzi. Havikutabiri. Sasa mnataka kupimwa nini hasa?

Msusi_wa_Tanga

Kaka SemaKweli ahsante, na hilo la vinasaba umesema sawa, nilipaswa kuliandika mwenyewe. Waliotarajiwa na vinasaba kuwa kwenye hatari kubwa na wale wa hatari ndogo ganzi iliwapata bila tofauti. Kilicholeta tofauti ni dawa ipi umepewa.

Lakini hapo ndipo ninapong'ang'ania. Jibu lile lilipatikana kwa sababu kuna watu walikubali kufanya utafiti ndani ya wanawake weusi peke yao. Miaka yote dozi na ratiba zilipangwa kwa miili ya watu wengine, sisi tukiwa wachache wa kuhesabika kwenye tafiti. Na si kwamba tunakataa kuingia. Mwaka 2022 ulitolewa uchunguzi wa Marekani uitwao BECOME, ulioongozwa na Stephanie Walker, ambaye mwenyewe alikuwa na saratani ya titi iliyosambaa. Kati ya wagonjwa weusi walioulizwa, asilimia 83 walisema wangefikiria kujiunga na utafiti wa dawa. Asilimia 40 walisema hakuna yeyote kwenye timu yao ya matibabu aliyewahi kuwatajia habari hiyo.

Kuhusu dawa kwanza, vipimo baadaye: nakuelewa, nimetoka huko. Lakini mtu aliyeuza shamba akasimamishiwa dripu njiani kwa ganzi, shamba limeenda na dawa hajamaliza. Na kipimo si lazima kiwe mashine ya mamilioni. Kuniuliza kazi yangu kungegharimu nini?

MtuWaMaabara

Nifungue upande mwingine wa mada hii, maana ganzi si dhara pekee linalotugusa kwa namna yetu.

Kabla ya kila dripu mgonjwa anatolewa damu kuangalia chembe nyeupe, hasa zile neutrofili zinazopambana na bakteria. Zikiwa chini ya kiwango, mara nyingi 1,500 kwa mikrolita, dripu inaahirishwa au dozi inapunguzwa. Kiwango hicho hakikutokana na damu ya Kiafrika.

Wengi wetu tuna alama ya kurithi inayoitwa Dafi-hasi. Ni mabadiliko madogo kwenye kinasaba ACKR1, na faida yake kubwa ni kwamba vimelea vya malaria aina ya vivax vinashindwa kuingia kwenye chembe nyekundu. Sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara karibu kila mtu anayo, Wamarekani weusi ni kama theluthi mbili. Mwenye alama hiyo, neutrofili zake zinazozunguka kwenye damu huwa chache kwa asili, mtu mzima mwenye afya anaweza kuwa na 1,200 na asiwe na ugonjwa wowote. Zamani waliita hali hii upungufu wa chembe nyeupe wa kikabila, kana kwamba kabila ni ugonjwa. Siku hizi inatajwa kwa jina la hiyo Dafi.

Kuna kipimo, ni cha kundi la damu tu, kama vile tunavyopima A na B na O lakini kwa kundi la Dafi. Benki za damu zenye vitendanishi hivyo wanakifanya.

MumeWaMgonjwa

Mtu wa Maabara, umenigusa pabaya.

Mke wangu alirudishwa nyumbani mara tatu. Tunatoka nyumbani saa kumi alfajiri, matatu mbili, tunafika, anatolewa damu, tunakaa kwenye benchi, saa sita anaitwa: hesabu iko chini, rudini wiki ijayo. Mara ya pili walikuwa wameshamwekea sindano mkononi na plasta, wakaitoa. Alilia njia nzima, akasema mwili wake unamsaliti. Nikaanza kumlisha rojo la maini, mrenda, beetroot, kila alichoshauri mtu. Hesabu haikupanda. Ilikuwa 1,300, ikawa 1,350, ikawa 1,300.

Kumbe huenda ilikuwa ndiyo hesabu yake ya siku zote? Hakuna aliyetazama ilikuwa ngapi kabla hajaugua. Kadi zake za kliniki za ujauzito tunazo kwenye sanduku mpaka leo, hakuna aliyeziomba.

Yeye ametangulia mbele ya haki mwaka jana. Sisemi ni kwa sababu ya hizo wiki tatu. Nasema nitaendelea kujiuliza.

MtuWaMaabara

Pole sana kaka. Mungu amrehemu.

Hicho ulichosema cha kadi za zamani ndicho cha maana kuliko hata kipimo cha Dafi. Mtu akiwa na karatasi za damu za miaka ya nyuma, za ujauzito, za kazini, za kuchangia damu, azipeleke. Daktari akiona miaka yote alikuwa kwenye 1,300 bila maradhi, anao msingi wa kuamua tofauti.

Ila naomba nisieleweke vibaya. Hesabu ndogo baada ya kemo inaweza kuwa hatari ya kweli, na uamuzi ni wa daktari. Homa ikifika 38 ukiwa kwenye kemo, iwe usiku wa manane, ni kukimbia hospitali, usijitulize kwa kusema ni Dafi.

Kipepeo_London

Salaam kutoka Uingereza. Mimi ni mtu wa Mombasa, saratani yangu ilisambaa, natumia vidonge vya kemo viitwavyo capecitabine. Huku tangu 2020 kabla hujapewa dawa hiyo unapimwa kinasaba cha DPYD. Mwili una kimeng'enya cha kuivunja, mwenye upungufu wake dawa inajaa mwilini, inaweza kumuua kwenye dozi za mwanzo kabisa. Basi nilipimwa, jibu likaja safi, nikafurahi.

Dada yangu anasomea ufamasia, akaniambia niulize kipimo kilitazama alama zipi. Nikauliza. Alama nne, zote za zile zinazoonekana zaidi kwa watu wa Ulaya. Iko nyingine, c.557A>G, inayopatikana kwa watu wa asili ya Afrika na kwa wazungu haipo kabisa au ni ya nadra mno. Ile haikuwemo kwenye karatasi yangu. Kwa hiyo "safi" yangu ilikuwa safi ya mwili wa mtu mwingine.

Nilizungumza na mtaalamu wangu bila ugomvi. Akakubali nianze na dozi ndogo, wananitazama kwa karibu, wanapandisha taratibu. Ufaransa wao wanapima kwenye damu kiwango cha urasili, kitu ambacho kimeng'enya hichohicho hukivunja, wanaona moja kwa moja kimeng'enya kinafanya kazi au la, haijalishi babu yako alitoka wapi. Mimi naona hiyo ndiyo njia ya haki zaidi kwetu.

Kwa hiyo swali la mleta uzi, ndiyo nataka kupimwa. Ila ukipewa jibu zuri, uliza limetafutwa nini.

Mchangiaji_Kigamboni

Swali la yule bibi halijajibiwa. Damu inakaa wapi? Na bima wakijua nina kinasaba kibaya?

Msusi_wa_Tanga

Kwa Marekani ipo sheria ya mwaka 2008, GINA, inayokataza bima ya afya na waajiri kukubagua kwa vinasaba. Bima ya maisha haimo. Tulipomweleza yule bibi hivyo, akasema sawa, basi aandikiwe kwenye karatasi kwamba sampuli itatupwa baada ya kipimo, naye atasaini. Kwa mtazamo wangu alikuwa na haki kabisa, na hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo.

NesiMstaafu_Mbeya

Wanangu, nimesoma uzi wote. Nimefanya kazi wodini zaidi ya miaka 30, nina mawili matatu.

La kwanza. Ganzi hii si ngeni kwetu. Mnaokumbuka Triomune, zile dawa za VVU za mwanzo, ilikuwa na stavudine ndani. Kina mama walikuwa wanakuja wanavua viatu mlangoni wanasema miguu inawaka moto. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri dawa hiyo iachwe taratibu. Mama yeyote aliyewahi kuitumia aseme kabla ya kemo, maana mishipa yake ya fahamu ilishaguswa. Mwenye kisukari hali kadhalika. Hilo ni swali la dakika moja.

La pili, kupima bila mashine. Kipo kile chuma chenye ncha mbili kama uma, kinagongwa kinatetemeka, unakiweka kwenye kifundo cha dole gumba la mguu unamwuliza mgonjwa kinatetemeka au kimeacha. Kliniki nyingi za kisukari wanacho. Kama hakuna, mimi nilikuwa natumia sarafu. Mgonjwa anafumba macho, unampa kiganjani ya 50, ya 100, ya 200, ya 500, anazitaja kwa kupapasa. Wiki ya kwanza anazitaja zote. Akianza kukosea, humwulizi anaumwa ngapi kati ya kumi, umeshajua. Na uanze kabla ya dripu ya kwanza, la sivyo hutajua alikotoka.

La tatu, ngozi. Vitabu vinasema ukichomwa na mionzi ngozi inakuwa nyekundu. Ngozi yetu haiwi nyekundu, inazidi kuwa nyeusi, inakakamaa, inawasha, baadaye inabanduka. Nimeona kina mama wameandikiwa "hakuna mabadiliko" na chini ya titi pameshaungua. Guseni, ulizeni, msitazame rangi. Na viganja, ulimi na kucha vikiwa vyeusi kwenye kemo, mgonjwa aambiwe mapema ni dawa. Wapo walioacha tiba wakidhani wamerogwa.

Na vidonge vinavyouzwa mitandaoni vya "kulinda neva", vyenye acetyl-L-carnitine, msivitumie kwenye kemo hii. Vilifanyiwa utafiti kwa wanawake wenye saratani ya titi, vikaonekana kuongeza ganzi.

SemaKweli

Mama heshima kwako. Narudisha kauli yangu nusu. Nilikuwa nafikiria kipimo ni lazima kiende Afrika Kusini kwa ndege. Sarafu kila mtu anayo.

Nusu nyingine nabaki nayo: docetaxel ikiwa haipo kwenye duka la dawa la hospitali, kujua kwamba ni afadhali kwangu kunaniumiza tu.

Msusi_wa_Tanga

Kaka, hiyo nusu sikupingi. Hata docetaxel yenyewe si asali. Inajaza maji mwilini, kucha zinang'oka, chembe nyeupe inazishusha zaidi, na hapo tunarudi kwenye habari ya Dafi. Hakuna dawa kati ya hizi isiyo na deni. Ninachotaka ni mtu ajue deni lake kabla ya kukopa.

NaanzaAlhamisi

Samahanini naingia katikati. Mimi nipo Morogoro, naanza paclitaxel Alhamisi hii, ya kila wiki. Ni fundi cherehani. Nimesoma hapa usiku kucha, sasa naogopa hata kwenda. Nifanyeje?

Mama_wa_Temeke

Nenda mdogo wangu. Nenda. Mimi nina ganzi na nipo hai, naandika hapa.

Msusi_wa_Tanga

Nenda, tafadhali sana. Usije ukakosa dawa kwa sababu ya uzi wangu, sitajisamehe.

Ila ukiingia, kabla hujakaa kwenye kiti, mwambie daktari unaishi kwa vidole na kwa mguu wa cherehani. Mwulize kama kwako kuna njia ya docetaxel, na kama haipo, wiki ipi watakupima ganzi na kwa kifaa gani. Mwulize na kuhusu barafu. Kuna utafiti wa Japani wa mwaka 2018, mgonjwa alivalishwa glavu na soksi za barafu upande mmoja wakati wa dripu, upande mwingine ukaachwa. Upande wa barafu ganzi ilikuwa ndogo zaidi. Si kila utafiti umepata hivyo, na barafu ikigusa ngozi moja kwa moja inaunguza, kwa hiyo ni kwa ruhusa yao na iwe ndani ya kitambaa.

Na usifiche kama Mama wa Temeke alivyoficha. Ukianza kusikia tofauti, sema siku hiyohiyo.

NesiMstaafu_Mbeya

Na uende na daftari, mwanangu. Kila wiki uandike mwenyewe. Faili la hospitali linaweza kupotea, daftari lako hulali nalo mbali.

NaanzaAlhamisi

Nimerudi. Nimefika nyumbani saa mbili usiku, kichwa kizito lakini nipo sawa.

Nilimwambia daktari mimi fundi cherehani. Akaacha kuandika, akaniuliza nashona nini. Nikamwambia sare za shule na magauni ya harusi. Docetaxel kwa sasa hawana, akanieleza bila kuzunguka, na akasema tukiona ganzi inakuja haraka tutazungumza kabla ya kupunguza chochote, hatapunguza bila kuniambia. Kile chuma cha uma nesi alikwenda kukiazima kliniki ya kisukari. Wakanigusa vifundo vyote viwili, nikawa nasikia kinavuma mpaka mwisho. Akaandika kwenye faili. Barafu walikubali, dada yangu alikuja nayo kwenye ndoo ya ice cream, wakaifunga kwenye taulo.

Kadi zangu za kliniki ya uzazi nimempelekea pia, kaka MumeWaMgonjwa. Za 2016 na 2019. Amezibana kwenye faili.

Sasa hivi nimekaa kitandani, nimefumba macho, mwanangu ananipa sarafu moja moja. Ya 200. Ya 50. Ya 500. Ya 100. Nimeandika kwenye daftari: Alhamisi, wiki ya kwanza, nne kwa nne.